Bima Aliyedaka Kwaya

Usiku wa kuamkia leo, katika ndoto, nilimkuta Mfumo yuko chini.

Sisemi chini kwa maana ya wale wadada wa dirishani kwenye ofisi ya leseni, wanaokuambia "mfumo upo chini, mama, rudi kesho" huku andazi liko mkononi. Alikuwa chini kabisa, ndani ya shimo la choo tulilochimba wiki iliyopita nyuma ya maabara ya shule tunayoijenga. Futi kumi na mbili. Ngazi imeegemezwa ukingoni.

Kabla sijashuka, nijieleze. Mimi ni Damari, mkandarasi wa majengo, daraja la saba, ambalo ndilo la mwisho. Baada yangu kuna wajenzi wa mabanda ya kuku. Kila mwaka nahuisha leseni, na leseni haihuishwi mpaka uoneshe bima ya fidia kwa wafanyakazi, ile ya mtu akiumia kazini. Bima nayo haitoki mpaka ujaze orodha ya wafanyakazi: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, pamoja na namba.

Ninao kumi na tisa, na saiti hakuna mtu anayejulikana kwa jina la kitambulisho. Nina Chuma, nina Babu Kipara, nina Bonge, nina Dogo wawili. Halafu nina Pimamaji, fundi wangu wa lipu, tuliyempa jina hilo kwa sababu akiutazama ukuta kwa jicho moja anakuambia umelalia wapi, na ukileta pimamaji yenyewe, ile ya kupimia usawa, inamuunga mkono. Vitambulisho sikuwaomba. Nilijua watakachosema: huyu kakiacha kijijini, yule kimefuliwa na suruali.

Sasa mimi pia ni katibu wa kwaya ya mtaani kwetu. Katibu wa kwaya ana daftari, na ndani ya daftari langu mna wanakwaya kumi na tisa, majina matatu matatu, namba za vitambulisho, hadi saizi za majoho. Mwaka juzi, siku ya mwisho ya kuhuisha, muda ukiwa umenibana, nilinakili kwaya nzima. Mwaka jana nikanakili tena. Hakuna aliyeuliza, maana orodha ikishatumwa hakuna anayeiona.

Wiki hii ofisi ikatuma ujumbe. Kuanzia Jumatatu kila kitu kitakuwa wazi mtandaoni. Mtu yeyote akiandika jina la kampuni ataona leseni yake inaisha lini, bima yake inaisha lini, na nani na nani wamekatiwa. Nilisoma, nikasonya, nikalala.

Basi, nashuka ngazi.

Chini kuna meza, chupa ya chai, na mzee mmoja aliyevaa sweta la kijivu lililotoboka kiwiko.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umefuta miguu?"

"Hili ni shimo la choo, mzee."

"Ndiyo maana nauliza."

Nafuta miguu. Namuuliza kama yeye ndiye Mfumo. Anasema ndiye, na kwamba hukaa chini hadi saa nane mchana, kisha hupanda kidogo kupunga upepo, kisha hushuka tena. Anauliza shida yangu.

"Nataka kuhuisha leseni."

"Iko wapi?"

Naitoa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeifunika nailoni ngumu pande zote mbili, kama tunavyofanya wote, ili iweze kupigiliwa kwenye ubao wa saiti. Nikiiweka mezani, inakohoa.

"Tangu mwaka jana sijavuta pumzi," inasema Leseni. "Kanifunika nailoni, kanipiga misumari minne, kanielekeza jua linakotoka."

"Nilikuwa nakukinga na mvua," najitetea.

"Mvua ipi? Hapa Singida?"

Mfumo anachukua wembe, anaichana nailoni. Leseni inavuta pumzi ndefu, inaomba maji, inapewa chai. Inakunywa vikombe viwili bila kusema asante, kisha inalala chali juu ya meza na kufumba macho.

"Huyu kweli anahitaji kuhuishwa," anasema Mfumo. "Lakini peke yake hawezi kuinuka. Mpaka ashikwe mkono na Bima. Na kabla ya hapo kuna utaratibu mpya. Tumekuwa wazi."

Anagonga kikombe kwa kijiko mara tatu. Juu, ukingoni mwa shimo, vichwa vinaanza kuchomoza. Namuona mkuu wa shule. Namuona mama anayeniuzia mchicha. Namuona mkandarasi mwenzangu wa daraja la sita, ambaye amekuja na kiti chake kabisa. Na katikati yao, tochi mkononi, mama mkwe wangu.

"Hawa ni nani?" nauliza, ingawa nawajua wote.

"Umma."

"Mbona wananichungulia shimoni?"

"Wana haki ya kuona. Zamani walikuwa wanakisia tu."

Mama mkwe anamulika karatasi iliyo mezani. Macho yake ni mabovu, dukani hawezi kusoma hata bei ya sukari, lakini kutoka futi kumi na mbili anaisoma orodha yangu neno kwa neno. "Damari mwanangu," anasema, "mbona humu simuoni fundi hata mmoja? Namuona Mwalimu Sungi."

Mwalimu Sungi ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mtu ambaye hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko kitabu cha nyimbo. Naye yupo ukingoni. Hajakasirika. Anasikitika.

"Nimeandikwa saidia fundi," anasema. "Wa zege. Nilidhani angalau ungenipa ufundi."

"Ni makosa ya uchapaji," namjibu. Ni jibu ninalolitumia popote, na halijawahi kuniangusha.

"Makosa kumi na tisa," anasema Mfumo, "na kila kosa lina saizi ya joho mbele yake."

Nikaona hapa sina changu. Nikashika ngazi, nikapanda mbio.

Nikitokeza kichwa juu, choo hakipo. Nipo mbele ya maabara, chini ya jukwaa la mirunda, zile nguzo za miti, tuliloliinua kwa ajili ya ule ukuta wa pembetatu wa juu kabisa, unaogusa paa. Hilo jukwaa ni la kweli, tulilimaliza jana jioni. Na ni kweli pia kwamba leo asubuhi Pimamaji alikuwa apande kupiga lipu huko juu.

Chini ya jukwaa, kwenye kigoda, amekaa mama mmoja mnene wa kitenge cha maua. Anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda upande.

"Karibu," anasema. "Mimi ndiye Bima."

"Sijawahi kukuona."

"Miaka miwili nimekaa hapa. Mnanipita na matoroli."

"Na kazi yako ni nini?"

"Kudaka." Ananionesha viganja. Kila kimoja kina upana wa karai. "Ila nadaka walioandikwa tu. Asiyeandikwa simjui, na mimi si mtu wa kujipendekeza kwa watu nisiowajua."

Naangalia juu. Kwaya nzima iko jukwaani, majoho ya zambarau, miiko ya lipu wameishika kichwa chini miguu juu. Mwalimu Sungi anainua mkono, anatoa sauti ya kuanzia, na dada wa kwanza wa sauti ya kwanza anaanguka.

Anaanguka huku anaimba. Bima hata hasimami. Ananyoosha mkono mmoja, anamdaka, anamweka chini, anamkung'uta vumbi. "Yupo," anasema, na kuweka tiki. Anafuata wa pili, wa tatu, sauti ya kwanza yote, kisha sauti ya pili, kisha sauti ya tatu. Besi wanachelewa kuanguka kwa sababu besi wetu huchelewa kuingia katika kila kitu. Mwalimu Sungi anakuja wa mwisho, macho kafumba, mikono bado inaongoza. Anadakwa vizuri sana.

Nakiri nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe hii kitu inafanya kazi.

Halafu kukawa kimya. Juu amebaki mtu mmoja, kwenye kona, kofia ya sufu kichwani, anasawazisha lipu taratibu. Pimamaji.

"Bosi," ananiita bila kugeuka, "huu mrunda mmoja umelala."

Ameuona kwa jicho lake moja. Na kwa kuwa Pimamaji hajawahi kukosea, mrunda unateleza, na yeye anakuja.

Bima anatafuna. "Jina?"

"Pimamaji!"

"Nimeuliza jina."

"Pimamaji, fundi wa lipu! Daka, mama! Daka!"

Anapitisha kidole kwenye orodha, bila haraka, hadi mwisho. "Hayupo," anasema, na kutema ganda.

Hapo Pimamaji akasimama hewani.

Yuko katikati, kati ya jukwaa na ardhi, na juu ya kofia yake kuna kile kiduara cha mtandao kinazunguka, kinazunguka. Sauti ya Mfumo inatoka mbali, shimoni: "Inatafuta. Tafadhali usifunge ukurasa."

Pimamaji ameninginia, goti la kushoto limekunjwa, lile linalomsumbua asubuhi za baridi. Ili asipoteze muda ametoa mwiko na anasawazisha hewa.

"Bosi, kuna shida?"

"Hakuna. Mtandao tu."

"Haya. Nasubiri."

Ndivyo alivyo. Nilimwambia asubiri kofia ngumu tangu tulipokuwa tunajenga zahanati, akasubiri. Tumeshamaliza zahanati, soko na vyumba sita vya madarasa, na bado ana ile ya sufu.

"Una dakika tatu," anasema Bima. "Zikiisha ukurasa unajifunga wenyewe, na yeye anaendelea na safari."

Napekua kichwa changu. Miaka tisa na huyu mtu. Najua anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Najua mwanawe anatengeneza redio sokoni. Najua hapendi mchanga wa mtoni, anasema una chumvi. Mama yake alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wanawake siku mbili, nikala wali. Makaburini walisoma majina yote ya ukoo, la kwake likiwemo, na mimi nilikuwa nimesogea pembeni naongea na simu habari za nondo.

Niliona aibu. Humo humo ndotoni, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Nageukia umma, ambao sasa umehamia hapa na kukaa chini kwa mistari. "Jamani, nani anamjua huyu anaitwaje?"

"Si fundi wako?" anasema mama mkwe.

"Pimamaji ni Pimamaji," anasema Babu Kipara.

"Mimi msiniulize," inasema Leseni. "Nilikuwa kwenye nailoni."

"Dakika mbili," anasema Bima.

Ndipo likanijia wazo ambalo lilikuwa halijanijia miaka tisa. Nikamuuliza mwenyewe.

"Pimamaji, unaitwa nani?"

Anaacha kusawazisha. "Hujawahi kuniuliza, bosi." Anasema kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia saruji imekwisha. "Nathanaeli."

"La baba?"

"Shango."

"La tatu?"

Anautazama umma. "Hilo tuliache."

"Pimamaji, uko hewani!"

"Naona. Lakini hilo linachekesha watu. Shuleni walinicheka mpaka nikaacha kulitaja."

"Dakika moja," anasema Bima. Amefunga pakiti ya alizeti na kuitia kwenye pindo la kitenge.

Pimamaji anainama kadiri mtu anavyoweza kuinama akiwa hewani, anasogeza mdomo karibu na sikio langu. "Nzala," ananong'ona. "Babu alizaliwa mwaka wa njaa, wakampa jina hilo. Njaa, kwa Kinyiramba. Usiwaambie hawa."

Naandika. Vidole vimeganda lipu, kioo cha simu hakinisikii. Navifuta kwenye kitenge cha Bima, anakubali. Naandika Nathanaeli. Naandika Shango. Naandika Nzala, nabonyeza.

Kiduara kinaacha kuzunguka.

"Ombi lako limepokelewa," anasema Mfumo.

"Kwa hiyo anadakwa?"

"Nimesema limepokelewa."

"Mzee, anadakwa au hadakwi?"

"Limepokelewa, mama. Kukubaliwa ni dawati lingine."

Pimamaji anaanza kuanguka tena. Bima, kwa mara ya kwanza, anainuka kutoka kwenye kigoda. Magoti yanalia. Anafungua viganja vyake vyote viwili, anaangalia juu, anapiga hatua moja.

Nikaamka.

Sikuona kama alimdaka. Nilikaa kitandani nikijaribu kurudi usingizini, dakika moja tu, nione, nikashindwa. Saa ukutani ilisema saa moja kasoro dakika nane. Pimamaji hupanda saa moja kamili. Hajawahi kuchelewa hata siku ya mvua, hiyo moja tuliyonayo.

Nikapiga. Simu haikupokelewa. Nikapiga tena.

"Bosi, za asubuhi." Nyuma yake nilisikia koleo zikigeuza mchanga.

"Uko wapi?"

"Nipo ngazini. Nataka kule juu nimalize kabla upepo haujaanza."

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza, tutaongea."

Nikasikia miguu kwenye ngazi. Kipago, kipago, kipago, kisha changarawe. "Nimeshuka," akasema.

"Jina lako la kitambulisho ni nani?"

Alipojibu sauti ilikuwa ndogo. "Bosi, umenifukuza kazi?"

"Sijakufukuza. Nakuuliza jina."

"Nathanaeli Shango."

Nikamalizia mwenyewe. "Na la tatu ni Nzala."

Koleo ziliendelea. Nikamsikia anatembea, anasogea mbali na wenzake. "Nani kakuambia?"

"Wewe."

"Lini?"

"Hilo tuliache," nikasema. "Kitambulisho unacho?"

"Kipo mfukoni. Natembea nacho kila siku."

"Kila siku?"

"Wote tunatembea navyo, bosi. Hakuna aliyewahi kutuomba."

Nikamwambia leo hapandi mtu, si yeye, si Chuma, si Dogo yeyote, mpaka nifike, na mpaka bima yenye majina yao itoke. Nikamwambia aukague mrunda wa kona kwa jicho lake. Nikamwambia pia, kwa sababu ilinibidi, kwamba orodha hiyo itawekwa wazi kuanzia Jumatatu, na jina lake lote litaonekana na kila mtu, la tatu likiwemo.

Nilisikia upepo ukianza kupiga kwenye simu yake.

"Liandike tu," akasema. "Watacheka siku mbili, watachoka."

Kisha akaongeza, "Halafu, bosi, huu mrunda wa kona kweli umelala."

Nikafungua ule ukurasa wa bima mtandaoni. Orodha ya mwaka jana ikajileta yenyewe, kumi na tisa, sauti zote nne. Nikamfuta Mwalimu Sungi wa kwanza, halafu wengine mmoja mmoja, besi wakiwa wa mwisho. Mstari wa kwanza nikaandika Nathanaeli Shango Nzala, fundi lipu. Ikabaki mistari kumi na minane mitupu. Nikachukua daftari na kalamu, nikavaa viatu, nikaenda saiti kuwauliza wengine wanaitwa nani.